Aliyenyamaza Ameunga Mkono

Sogeeni. Igoki, mdogo wangu, wewe kaa huku upande wa dirisha kwa sababu ndiwe unayeandika, na wewe kaka Ndwiga kaa hapo miguuni pangu nikuone uso, na mume wangu Oscar, baba Ruguru, asimame tu karibu na pazia aangalie kama sista anakuja, maana saa ya kuona wagonjwa inaisha saa kumi na moja na yule askari wa mlangoni hana huruma na mtu, na mimi nina maneno mengi kuliko pumzi. Mnisikilize mpaka mwisho. Najua wosia ni kitu cha wazee. Baba alipotoa wake alikuwa na miaka sabini na minne, ameketi, amevaa koti, amenyolewa ndevu. Mimi nina ishirini na saba, nimelalia ubavu kwa sababu nikilala chali ninakosa hewa, na huyu aliye tumboni ananipiga mateke ya mbavu kama amechoka na mimi. Lakini kesho asubuhi wananiingiza thieta. Daktari alinieleza mara mbili, mara ya kwanza kwa Kiingereza na mara ya pili kwa Kiswahili, na ile ya Kiswahili ndiyo iliyonitisha: ule mlango wa moyo ambao haujafunga sawasawa tangu nikiwa darasa la tano, mimba imeuchosha, na wanataka mtoto atoke kabla moyo haujakataa kabisa. Akasema, "Tutajitahidi, mama." Ninaogopa. Sitawaficha. Na nikiogopa ninaongea mbio, mnanijua, kwa hivyo Igoki ukiachwa nyuma inua kalamu nitarudia.

Nianze na vitu vidogo vitoke njiani. Cherehani ni yako, Igoki, mguu wake mmoja unayumba, weka kadibodi chini. Ile mistari minne ya majani chai ambayo baba alinikatia kule Kianjokoma ibaki ya mtoto wetu Ruguru na huyu anayekuja. Oscar atachuma, lakini ardhi isiuzwe. Ng'ombe pia asiuzwe kwa ajili ya hospitali, hata wakiwasukuma, kwa sababu huyu mtoto akitoka na mimi nisitoke, maziwa ndiyo atahitaji kabla ya kitu kingine chochote. Sufuria kubwa iliyo nyuma ya mlango si yangu, ni ya mama Kinyua, aliniazima siku ya ubatizo na nimeona haya kuirudisha kwa sababu nilipoteza kifuniko. Mrudishieni na mmwambie kifuniko kilipotea, msimdanganye. Na Ruguru akiuliza, msimwambie nimesafiri. Yule mtoto ukimwambia mtu amesafiri anaenda kukaa langoni. Mwambieni ukweli, atalia, mwacheni alie.

Sasa kigoda. Naona Ndwiga umeanza kuangalia viatu vyako. Viatu vizuri. Najua ni Mzee Kathuri aliyekununulia, na sikulaumu, usiku wa kuamkia harusi mtu hupokea viatu, lakini hii si harusi, kwa hivyo niangalie mimi.

Wewe baba Ruguru ulitoka Meru ukanikuta kigoda kiko tayari nyumbani, kwa hivyo nitakisema tangu mwanzo, na Igoki aandike tangu mwanzo, asije mtu akasema hakujua. Mfuko wa Mkono wa Mwalimu ulianzishwa na walimu saba, baba yetu Nyaga akiwa mmoja wao. Sababu ilikuwa mwalimu mmoja msichana aliyepelekwa kufundisha kule chini Mbeere, kwenye joto, akapewa stoo ya mahindi alale, na panya wakamla kidole cha mguu, na asubuhi akafunga kitambaa akaingia darasani. Baba alipomwona anafundisha na kitambaa kimelowa damu, alirudi nyumbani hakula. Hao saba wakachanga, wakajenga nyumba ya mwalimu ya kwanza, vyumba viwili, halafu ya pili, halafu marafiki wa kanisa fulani la ng'ambo wakasikia wakasaidia, na wakanunua ploti Nchiru wakati Nchiru ilikuwa vichaka na mbuzi tu, kabla wanafunzi wa chuo hawajajaa, wakajenga vyumba kumi na viwili vya walimu ambao hawajasomea ualimu, wale wanaofundisha muhula mzima na likizo ikifika wanakuja kusoma. Walale hapo, wapike hapo, wasidaiwe kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Wadhamini saba, vigoda saba vya mti, na sheria moja waliyoipenda kuliko zote: ardhi ya Mkono haiguswi mpaka wote saba wakubali.

Lakini baba na wenzake walikosea mahali, na mimi nitalisema ingawa amelala. Hawakutaka kura. Walisema kura ni za wanasiasa, zinaleta uadui, sisi tufanye kama wazee wanavyofanya kwa baraza: jambo linawekwa katikati, linazunguka kuanzia kwa mkubwa mpaka kwa mdogo, mwenye neno analitoa, na aliyenyamaza ameunga mkono. Kati ya watu saba wa rika moja, waliolala bweni moja na kuchapwa na mwalimu mmoja, hiyo ilitosha, kwa sababu hakuna aliyemwogopa mwenzake. Walisahau kwamba watakufa. Na walipoanza kufa, wakaleta na ile desturi nyingine, kwamba mdhamini akizikwa kigoda kinaletwa kaburini, na mrithi anaketishwa mbele ya watu kabla udongo haujarudishwa, na akishaketi amerithi na yote yaliyokwisha kukubaliwa. Ndiyo siku hiyo mliniona, Ruguru akiwa na mwaka mmoja mgongoni, nimekalishwa mbele ya jeneza la baba na soksi zimejaa matope. Wakati huo wa rika la baba walikuwa wamebaki wawili. Wengine ni watoto wao, ndugu zao, na wanne hawajawahi kushika chaki maishani mwao.

Mkutano wangu wa kwanza nilienda na daftari jipya. Msicheke. Ulikuwa kwenye hoteli moja pale mjini Meru. Tuliketi saa tano. Nyama ikaanza kuletwa saa sita, na saa tisa ilikuwa bado inaletwa, na walimu wanne waliokuwa wameitwa kuja kuomba walikuwa wamesimama ukutani, wamesimama nasema, kwa sababu Kathuri, mkubwa wa wadhamini, anasema mwombaji akiketi anasahau alichokuja kuomba. Mmoja alikuwa ametoka chini Mbeere saa kumi alfajiri. Kathuri akamuuliza akiwa na mfupa mkononi, "Mwalimu, kwani wewe unataka nini hasa?" Mwalimu akasema mabati, nyumba inavuja juu ya vitabu vya watoto. Muriithi, huyo mdhamini mwenye lori, akasema, "Mvua huko kwenu hunyesha siku mbili kwa mwaka. Hizo siku mbili si uhamie kwa jirani akufunike?" Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mafuta yalikuwa yanamtiririka Muriithi kutoka kwa vidole mpaka kwa saa, na akajipangusa kwa barua ya yule mwalimu, barua ya kuomba mabati, akaikunja akaiweka chini ya sahani. Nikanywa soda yangu. Tangu siku hiyo nyama choma siili, na watu hudhani ni mimba.

Halafu kuna tangi. Tangi la maji, jeusi, lina mkwaruzo mrefu ubavuni kama lilipita kwenye senyenge. Nimelikabidhi mara tatu. Tulilipeleka shule ya kwanza, mimi ndiye nikapewa makasi kwa sababu Kathuri anasema picha inataka mama mwenye mtoto, nikakata utepe, walimu wakaimba, Gitobu, mdhamini aliye sekretari wetu, akapiga picha za kuwatumia wale marafiki wa ng'ambo, na tulipomaliza kula lori la Muriithi likarudi nyuma polepole mpaka kwa tangi, likapakiwa. Nikamuuliza Gitobu kunaendaje. Akaniambia, "Mama, tulia, wanaletewa kubwa kuliko hilo." Mwezi uliofuata nikakata utepe shule nyingine, nikaona mkwaruzo. Mara ya tatu sikuuliza. Nilikata tu. Nilitabasamu. Hizo picha ziko, mtu akitaka kuona sura ya mtu asiye na aibu aangalie wa katikati, aliyebeba mtoto.

Maji kidogo. Asante. Hapana, inua tu kichwa, usiniketishe.

Sasa Mwalimu Veronicah, na hapa Igoki usiruke hata neno. Ni huyo huyo unayefundisha naye huko Kianjokoma. Hujawahi kuniuliza kwa nini nikija kwako shuleni ninapitia nyuma ya jikoni. Ni yeye ninamkimbia. Kabla aje huko juu alifundisha Mbeere miaka kumi na moja akiwa mwalimu wa bodi, yaani hakuandikwa na serikali, kamati ya shule inampa kitu wakati kitu kipo, na alikaa kwa nyumba ya Mkono ambayo baba mwenyewe alimpa ufunguo. Wadhamini tulienda ziara huko. Ni desturi, tukienda ziara walimu wa kike wanatupikia. Mbuzi alikuwa amekuja naye Muriithi kwa lori, na Veronicah akapewa sufuria na mwiko. Siku hiyo watoto wa gredi ya sita walikuwa na mtihani, na yeye ndiye msimamizi. Akaweka nyama motoni, akafuta mikono, akaja pale tumekaa kivulini akasema, "Wazee wangu, naomba muda kidogo, watoto wameshakaa. Mtu akiigeuza tu haitaharibika." Akaenda.

Sufuria ilikuwa hatua tano kutoka tulipokaa. Watu saba wazima, Ndwiga. Hakuna aliyeinuka. Gitobu alisema, "Kuna mtu anaigeuza?" akaweka mguu mmoja juu ya mwingine. Tukaanza kusikia harufu. Na mimi, mimi mwenyewe, mtoto wa Nyaga, nikasema, "Nyama inaungua," na nikacheka. Katika miaka mitatu ya kukalia kigoda cha baba, hayo ndiyo maneno pekee niliyowahi kusema kwa sauti watu wote wakasikia. Nyama inaungua. Wakacheka na mimi.

Veronicah alirudi na vumbi la chaki kwenye sketi. Kathuri akamwambia, "Mwalimu, sisi tumekujengea nyumba, wewe unatuchomea chakula." Akajibu, "Mzee, mlinijengea ili nifundishe." Hakusema kwa kiburi, alikuwa ameinama anatafuta mwiko. Lakini Kathuri uso ulibadilika, na mkutano uliofuata jambo likawekwa katikati: mwalimu huyu ana dharau, nyumba irudi. Yeye amesimama ukutani pale pale wanaposimama. Likazunguka. Muriithi akasema aende. Gitobu akasema aende. Wengine wakasema maneno marefu yenye maana ya aende. Likafika kwangu, mimi mdogo wa wote, mimi wa mwisho, Ruguru yuko kwa titi. Veronicah hakuwaangalia wale wengine. Aliniangalia mimi. Nadhani alimwona baba. Nikavuta shuka nikamfunika mtoto vizuri, ingawa alikuwa amefunikwa. Gitobu akangoja kiasi cha mtu kumeza chai, akasema, "Mama Ruguru ameunga mkono," akaandika. Wote saba.

Alitoka kwa ile nyumba na godoro juu ya boda boda na sanduku la vitabu mapajani. Sababu ilikuwa kwamba aliacha nyama akaenda kufundisha. Semeni na watu wowote, someni vitabu vyote, hamtapata mfuko mwingine wa kusaidia walimu uliomfukuza mwalimu kwa sababu alikuwa darasani. Sisi tuliweza.

Oscar, sista bado? Haya.

Mwezi wa nne wakaleta jambo la Nchiru. Wanataka vile vyumba kumi na viwili vya walimu vibomolewe, pajengwe hosteli ya wanafunzi ya ghorofa nne, na isimamiwe na kampuni ya mtoto wa Kathuri na shemeji ya Muriithi kwa miaka thelathini. Walimu wa likizo watatafutiwa mahali. Gitobu alisema hivyo, watatafutiwa mahali, kama mbwa wa jirani. Na kila mtu amewekewa tonge mdomoni. Ndwiga umeahidiwa uangalizi wa hosteli, na hizo ni funguo na meza na kiti. Oscar, wewe uliahidiwa kibanda langoni, chapati unazouza zitoke pale nje Nchiru zikae chini ya paa, na uliniambia ukifurahi, na nilikuacha ufurahi usiku mzima nisikwambie kibanda hicho kinasimama mahali pa kitanda cha mtu. Jambo likazunguka. Sita wakakubali. Likafika kwangu.

Kwa mara ya kwanza nilitaka kusema hapana. Niliifikisha hapa kooni. Na moyo ukaanza kupiga vibaya, jasho, miguu baridi, nikaona nikifungua mdomo nitaanguka, na nikinyamaza nimeunga mkono. Nikainuka nikatoka nje. Nilikaa kwenye bomba la kuoshea mikono mpaka magari yakawashwa. Ni woga tu, msinifanye shujaa. Lakini Gitobu ni mtu wa kuandika kinachoonekana, na alishindwa, kwa sababu sikusema na sikunyamaza mbele yao, sikuwako. Aliandika, "Mama Ruguru alitoka nje." Na tangu mwezi wa nne jambo la Nchiru limekaa hapo, kwa maneno manne ya Gitobu, na kila wiki mmoja wao ananipigia simu kuuliza nitaingia ndani lini.

Alhamisi Kathuri alikuja hapa. Alileta ndizi na maji ya matunda, akakaa hapo ulipokaa Ndwiga. Akaomba, aliomba kwa sauti wodi nzima ikasema amina. Halafu akatoa karatasi na kile kidude cha wino wa kidole, maana mkono wangu wa kulia ulikuwa na sindano ya dripu, alikuwa ameshafikiria hata hilo. Akasema, "Weka kidole tu, mama, uende thieta ukiwa mwepesi." Nikasema nimechoka, mzee, nitasoma. Akasema, "Hakuna shida. Hata Mungu akikuita, kigoda hakitalala nje. Atakayekaa atakuwa amekaa juu ya neno lako." Akamenya ndizi moja, akaila yeye, akaenda. Huyu cucu, bibi mzee wa kitanda cha pili, aliniambia, "Huyo baba yako ana haraka kuliko daktari." Cucu, nilikucheka siku hiyo, usidhani sikukusikia.

Nilikaa siku mbili kabla sijaelewa alichosema. Atakuwa amekaa juu ya neno lako. Neno gani, na mimi sijasema neno? Ndipo nikaona. Zamu yangu bado iko wazi. Nikifa kesho, jambo litarudi pale lilipoachwa, litanifikia nikiwa ndani ya sanduku, na mimi nitanyamaza. Gitobu atangoja kiasi cha kumeza chai. Ataandika. Na yeyote mtakayemketisha kaburini kwangu atarithi kunyamaza kwangu, na wote saba watakuwa wamekubali, na sheria ya baba itakuwa imetimia neno kwa neno. Hawahitaji kidole changu, wanahitaji nife bila kusema. Hicho ndicho kimeniogopesha kuliko hicho kisu cha kesho, na kisu kinaniogopesha sana.

Basi andika, Igoki, na uandike kwa herufi kubwa. Mimi Lydiah Nyaga, mdhamini wa Mkono wa Mwalimu, nikiwa na akili zangu, leo Jumatatu, jambo la Nchiru limenifikia, na nimesema hapana. Vyumba vya walimu visibomolewe. Hapana. Nimeisema mbele ya Ndwiga na Igoki na Oscar na cucu wa kitanda cha pili. Hapana nyingine hii hapa: nyumba ya Mbeere ya Mwalimu Veronicah, niliunga mkono kwa kunyamaza, na ninauondoa mkono huo. Sijui kama sheria inaruhusu. Iandike hivyo hivyo.

Ngoja nipumue.

Ndwiga. Nataka kusema na wewe mbele ya hawa. Miaka mitatu hatujala Krismasi pamoja kwa sababu ya kigoda. Ulisema mwanamke amekalia kiti cha baba yako, na ulirudi Kangeta kwa kazi yako ya kupakia miraa ukiwa na udongo wa kaburi kwa jembe. Kuna kitu hukijui. Wiki ile ya mwisho baba aliniambia, mpigie kaka yako aje, nina neno naye juu ya kigoda. Nilikupigia mara moja. Simu ilikuwa imezimwa. Sikupiga tena. Siku mbili, kaka, nilikuwa na simu mkononi, nilikuwa na nambari ya yule mnayelala naye chumba kimoja, na sikupiga. Nilitaka anipe mimi. Nilitaka siku moja watu waseme Lydiah, yule mgonjwa wa moyo, ndiye alibaki. Sijui angekwambia nini. Labda kigoda kingekuwa chako. Nimekunyang'anya neno la mwisho la baba yako na siwezi kulirudisha, na hakuna kitu kwenye nyumba yangu kinachotosha kulipa. Nisamehe ukiweza. Usiponisamehe bado nitakuomba kitu, kwa sababu hakuna mwingine.

Sasa jina. Nilisoma ile karatasi ya waanzilishi, iko kwenye sanduku la baba, na nimeisoma mpaka nikaikariri. Haisemi mtoto. Haisemi damu. Inasema mrithi ni yule mdhamini atakayemtaja kwa mdomo wake mbele ya watu watatu. Hawa watu wamerithishana kama shamba kwa miaka yote hiyo, na hakuna aliyeifungua akasoma. Igoki, nilijua unadhani ni wewe, na ungeweza, una masomo na una mdomo, lakini wangekumaliza kama walivyonimaliza, dada mdogo wa marehemu, mtoto wa rafiki yao, kaa hapo mama, kula nyama. Ndwiga, si wewe. Nimekupenda lakini si wewe. Kigoda cha Nyaga nakipa Mwalimu Veronicah. Nimemtaja. Nikitoka thieta mzima bado nimemtaja, sikichukui tena. Huyo mtu amesimama kwenye ule ukuta. Wakimwekea jambo katikati atalijibu hata akiwa anatafuta mwiko. Hakuna mwalimu wa bodi amewahi kuketi kwenye Mkono wa Mwalimu tangu uanze, hebu fikirieni hilo, wanaume kwa wanaume wamekula mbuzi kwa jina lake na hajawahi hata kupewa mahali pa kukaa.

Kesho kutwa, ama siku yoyote itakayokuwa, mkizika, kigoda kitaletwa. Lori la Muriithi litakileta. Kathuri atakiweka mbele ya udongo na atamwita Ndwiga kwa jina, kwa sababu ameshakuhesabu. Watu watakuangalia, una viatu vipya, wewe ndiye mwanamume wa boma. Usiketi. Nenda mpaka alipo Veronicah, atakuwa nyuma kabisa kama atakuja, Igoki hakikisha anakuja, mwambie nimemwomba radhi, mwambie mimi ndiye nilisema nyama inaungua. Mshike mkono, Ndwiga, mlete mbele, mketishe. Akiketishwa na Igoki watasema ni wanawake wamepanga. Akiketishwa na wewe, uliyekuwa ukikitaka, hawatakuwa na pa kushika.

Najua ninakuomba funguo na meza na kiti. Najua utarudi Kangeta kupakia magunia.

Sista amekuja? Mwambie dakika moja. Sista, dakika moja tu, mpenzi, namalizia.

Igoki, Mungu akupe wanafunzi wanaokumbuka. Usilie kwenye karatasi, itafifia. Oscar, baba Ruguru... umekuwa mtu mzuri kwangu, chapati zako zipate paa lingine. Mtoto akiwa msichana mwiteni... mwiteni jina la mama yako, ni zamu yake. Ruguru Mungu amshike. Amshike sana. Huyu wa ndani... apite salama. Mimi nipite ama nisipite, yeye apite.

Ndwiga, baraka yako nimeiacha nyuma kwa sababu ninangoja.

Usitikise kichwa. Kichwa Gitobu ataandika anavyotaka. Sema.

Sema, kaka. Hewa inaniishia.

Nani? Utamketisha nani? Taja.

Ndiyo. Veronicah. Mungu akubariki, Ndwiga... wewe na... na watoto utakaopata. Sasa rudia mara moja, polepole. Igoki hajamaliza kuandika.